Karafuu imeimeza bia yangu ya Krismasi

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Niko Tabata, napika bia nyumbani kwa ajili ya familia na marafiki, siuzi. Mwaka huu niliamua kupika bia ya Krismasi yenye viungo vya kwetu. Kwenye lita 20 niliweka kijiko kimoja cha chakula cha karafuu ya kusaga, vijiti vitatu vya mdalasini, iliki ya kujaa kiganja na tangawizi mbichi iliyopondwa. Vyote viliingia kwenye sufuria mwanzo wa kuchemsha, vikachemka saa nzima. Hamira ilikuwa ya bia ya ngano ya Kijerumani, na ndoo ilikaa sebuleni wiki mbili. Siku ya kupika nyumba nzima ilinukia vizuri sana. Sasa nikionja ni kama dawa ya jino: ulimi unakufa ganzi, koo linakauka, mdalasini siupati na iliki imepotea kabisa. Naweza kuiokoa? Na nikitaka kupika nyingine kabla ya Krismasi, viungo navipimaje ili visipigane? Sasa ni mwanzo wa Novemba.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Muda unao, na bia uliyonayo usiimwage hata tone. Haijaoza, imezidiwa tu, na nitakueleza chini namna ya kuitumia. Kwanza tuelewane kuhusu kilichoitokea, maana ukikijua hicho hutahitaji kukariri vipimo vyangu wala vya mtu mwingine.

Ulipima viungo wakati sufuria bado ina sukari yote. Maji ya kimea kabla hamira haijayagusa ni matamu kupita soda. Utamu ule unaifunika karafuu, unaulainisha mdalasini, unaipa iliki mahali pa kukaa. Halafu inakuja hamira, inakula sehemu kubwa ya utamu huo na kuugeuza kileo na gesi. Karafuu hailiwi. Inabaki yote, ndani ya kinywaji ambacho sasa ni kikavu na chenye uchungu wa hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu wake. Chukua chai ya maziwa ya viungo uliyoizoea, halafu mtu aondoe maziwa na sukari yote akuachie maji yenye viungo vilevile: ndiyo bia yako. Kwa sababu hiyo mimi nashikilia jambo moja kuliko mengine yote katika bia za viungo. Kiungo kipimwe kwenye bia iliyokwisha kuchachuka, kwa kuonja, kidogo kidogo. Ukikipima kwenye maji matamu, unapima kinywaji ambacho hakuna atakayekinywa.

Sasa karafuu yenyewe. Kijiko cha chakula cha karafuu ya kusaga ni karibu gramu 6. Karafuu nzima moja iliyokauka kwa kawaida haizidi gramu 0.1. Maana yake uliweka sawa na karafuu 60 au zaidi kwenye lita 20. Mimi kwa ujazo huo huweka tano hadi nane, basi. Karafuu nzuri ya Pemba ina mafuta mengi, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eugenoli, ileile inayotumiwa na madaktari wa meno kwa sababu inatia ganzi. Kwa hiyo mdalasini wako haujapotea, upo ndani ya ndoo. Pua imejaa karafuu na ulimi umekufa ganzi, vitu vingine vinakosa pa kupitia.

Kuna kitu cha pili ambacho wengi hawakijui, na kwako kimezidisha tatizo. Hamira ya bia ya ngano ya Kijerumani hutengeneza harufu ya karafuu yenyewe, bila karafuu yoyote kuwekwa. Ndani ya shayiri na ngano mna asidi iitwayo feruliki, na hamira za aina hiyo huigeuza kuwa fenoli yenye harufu ya karafuu. Bavaria watu wanaipenda bia ya ngano kwa ajili ya harufu hiyo pamoja na ile ya ndizi mbivu. Hamira nyingi za bia za Ubelgiji zina tabia hiyohiyo, na hata baadhi ya hamira za mkate. Ukiwa na hamira ya namna hii, karafuu umekwisha kuwekewa; ukiongeza ya kwako unarudia. Joto la sebule la Dar mwezi huu, karibu nyuzi 30, nalo halikukusaidia. Bia inapochachuka hujipasha yenyewe nyuzi kadhaa juu ya joto la chumba, na hamira iliyozoea nyuzi 18 hadi 22 ikifika huko hutoa kileo kikali kinachochoma kooni.

Kabla hatujailaumu karafuu peke yake, thibitisha jambo moja zaidi, kwa sababu ladha ya dawa zipo mbili na hazifanani. Ya karafuu ina joto, ina utamu fulani puani, na inatia ganzi. Ya pili inatokana na klorini. Maji ya bomba yakiwa na klorini, au ndoo ikisuuzwa kwa ile dawa ya kufulia tunayoiita jiki na isioshwe vizuri, klorini ile hukutana na fenoli za kimea na kutoa harufu ya plasta ya kidonda, ya korido za hospitali. Kiasi kidogo mno kinatosha kuharibu ndoo nzima, na hakipungui kwa kukaa. Kama ndiyo unayoisikia, bia hiyo haiokoki. Wewe umetaja ganzi, kwa hiyo naamini ni karafuu. Hata hivyo safari ijayo maji yako yachemshe au yaache wazi usiku kucha kabla ya kuyatumia, na jiki isikaribie vyombo vya bia.

Kuhusu kukauka kwa koo: unga wa viungo na vipande vya tangawizi vikichemka saa nzima hutoa ule ukakasi unaoujua kwenye chai iliyokaa jikoni mno. Na wakati ukakasi unaingia, harufu inatoka. Uliposema nyumba nzima ilinukia vizuri, harufu iliyopaswa kuwa kwenye chupa ndiyo hiyo iliyokuwa inapita dirishani. Iliki ndiyo iliyoathirika zaidi, maana harufu yake ni nyepesi na haistahimili moto mrefu.

Sasa tupike upya, na tuanze na bia kabla ya viungo. Bia nyembamba na kavu haibebi kiungo, hata kikiwa kidogo. Nataka kinywaji chenye mwili, kinachobakiza utamu kiasi. Kwa lita 20 lenga uzito wa 1.065 kwenye haidromita, kile kipimo kinachoelea na kuonyesha sukari iliyomo, kabla ya kuchachuka, uishie kwenye 1.016 hivi, utapata kileo cha asilimia 6 na kidogo. Kilo 6 za kimea cha shayiri zitakufikisha hapo, nusu kilo kati ya hizo ikiwa kimea cha karameli, ambacho huacha utamu usiolika na hamira na ladha ya sukari iliyoungua kidogo. Kiloweke kimea kwenye nyuzi 68, si 64, ili mwili ubaki. Najua kimea kinaagizwa kutoka nje na bei yake si rafiki, na wengi hapa mjini hujazia kwa sukari ya miwa. Sukari huliwa yote, bia inakuwa nyepesi zaidi, na viungo vinabaki uchi. Ukilazimika, isizidi nusu kilo.

Hopsi nazo zipunguze. Viungo vina uchungu wao, na uchungu wa hopsi ukijumlishwa na ukakasi wa mdalasini mnywaji anahesabu vyote kama kitu kimoja. Gramu 40 za hopsi yenye asidi alfa (ndiyo inayoleta uchungu) ya asilimia 5, zikichemka saa nzima, zinatosha. Usiweke hopsi za harufu mwishoni. Zile zenye harufu ya balungi na msonobari zitagombana na mdalasini hadi siku ya mwisho. Wapishi wa mbege kule Uchagani wanaijua hesabu hii siku nyingi. Utamu wa ndizi na ulezi unahitaji kitu cha kuukata, na gome la msesewe linafanya kazi hiyo, lakini mpishi mzuri hulitia kwa kiasi ambacho huwezi kusema unakunywa gome.

Hamira: achana na ya ngano. Kwa mtu wa Dar asiye na friji ya kuchachushia, chaguo langu ni kveik, hamira ya mashambani ya magharibi ya Norway. Inapenda joto, inafanya kazi vizuri kwenye nyuzi 30 hadi 38, na haitoi fenoli ya karafuu. Ile ya Voss hutoa harufu ya mbali ya chungwa, na hiyo inaingia vizuri kabisa kwenye bia ya Krismasi. Kama hukuipata, tumia hamira yoyote safi, isiyotoa harufu ya karafuu, ya ale (bia inayochachuka kwenye joto la kadiri) ya Kiingereza au ya Kimarekani, uiweke ndoo ndani ya beseni kubwa la maji na kubadilisha chupa za barafu asubuhi na jioni kwa siku nne za kwanza. Ni kazi, na umeme ukikatika inakuwa kazi zaidi. Ndiyo maana nasema kveik.

Tukifika kwenye viungo, watu wengi hudhani mizani ni kuweka vyote sawasawa. Ukiweka vyote sawasawa, karafuu inashinda kila mara, kwa sababu nguvu zao si sawa. Chagua kimoja kiwe mbele, kimoja kikisaidie, na vingine vikae nyuma visikike bila kutambulika. Kiwanda cha Anchor cha San Francisco kilianza kutoa bia yake ya Krismasi mwaka 1975 na kikawa kinabadilisha mapishi kila mwaka, kwa hiyo usidhani kuna orodha moja takatifu ya viungo vya Krismasi. Na Pierre Celis, aliyefufua bia nyeupe ya mji wa Hoegaarden huko Ubelgiji katika miaka ya 1960, alitumia mbegu za giligilani na ganda la chungwa chungu. Wanywaji wengi wanasikia uchangamfu tu bila kuweza kuvitaja. Huo ndio ustadi ninaoutaka kwako.

Kwa meza ya Krismasi ya Tabata, yenye pilau na nyama, ningeuweka mdalasini mbele. Ni kiungo cha kusamehe: ukizidisha kidogo bia bado inanyweka. Tafuta ule mwembamba unaojikunja tabaka nyingi kama karatasi na kuvunjika kwa vidole, si lile gome nene gumu la kipande kimoja. Gome nene ni kasia. Ina ukali wa kuchoma na pia ina kumarini nyingi, kitu ambacho si kizuri kwa ini kikizidi. Wauza viungo wa Kariakoo na Kisutu wanazo aina zote mbili, kwa hiyo omba uvunje kipande mwenyewe na unuse. Gramu 8 hadi 10 kwa lita 20 ni kiasi cha kiungo kinachoongoza.

Msaidizi wake awe ganda la chungwa. Kwaruza sehemu ya rangi tu ya machungwa matatu na uache ule utando mweupe wa ndani, ambao ni uchungu mtupu. Machungwa yetu mengi yana ganda la kijani hata yakiwa yameiva, hilo lisikutie shaka. Harufu imo kwenye vitundu vidogo vya mafuta, si kwenye rangi ya njano. Osha kwanza kwa maji ya moto.

Tangawizi inahitaji uamuzi, kwa sababu mbichi na kavu ni kama viungo viwili tofauti. Mbichi ina harufu ya ndimu na ukali mpole. Ikikaushwa, kemikali ya ukali wake hubadilika kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi, na ile harufu ya ndimu hupungua. Kwa bia nataka mbichi, gramu 30 hadi 40 zilizokatwa vipande vyembamba, na ya Same inanifaa kuliko nyingine nilizoonja. Hii ndiyo pekee ninayoiweka kwenye sufuria, dakika tano za mwisho. Iliki ni gramu 2 hadi 3 za mbegu, zimenywe na kupondwa siku hiyohiyo, maana ikishapondwa inapoteza harufu haraka. Iliki ya kujaa kiganja ingeifanya bia inukie sabuni, na kama isingechemka saa nzima ndicho ungekuwa unalalamikia leo. Kungumanga ukiitaka, kwaruza robo ya kijiko cha chai, usizidishe. Nyingi ni sumu, na hata kabla ya kufikia hapo inaacha ladha ya vumbi. Pilipili manga mimi siiweki kwenye bia ya Krismasi. Tangawizi inatosha.

Karafuu iwe kivuli nyuma ya mdalasini. Kipimo changu ni hiki: mnywaji asiweze kuitaja, lakini ukimpa glasi isiyo nayo aseme kuna kitu kimepungua. Akisema "hii ina karafuu", umeshapita.

Namna ya kupima ni dondoo. Chukua vichupa vya kioo vyenye vifuniko, kila kiungo na kichupa chake, usichanganye. Mdalasini gramu 10 uliovunjwavunjwa kwenye mililita 100 za vodka. Ganda la machungwa matatu kwenye mililita 100. Mbegu za iliki gramu 5 zilizopondwa kwenye mililita 50. Konyagi inafaa ukikosa vodka, ila ina harufu yake na utaisikia ukionja dondoo peke yake. Iliki itoe baada ya siku mbili. Mdalasini na chungwa zipe siku nne au tano. Chuja kwa kitambaa safi. Kileo kile kinafanya kazi mbili: kinavuta harufu bila ukakasi wa kuchemsha, na kinaua vijidudu vinavyokuja na viungo vya sokoni. Mililita 50 za vodka kwenye lita 20 zinaongeza kileo kwa asilimia 0.1 tu, kwa hiyo bia haitajua.

Nenda duka la dawa ukanunue bomba la sindano la mililita 1, bila sindano. Bia ikishaacha kabisa kuchachuka, toa glasi za mililita 250. Weka dondoo kwa bomba, koroga taratibu, onja, andika. Lita 20 zina glasi 80 za namna hiyo. Ikiwa mililita 0.3 za dondoo la iliki zimekupendeza kwenye glasi, basi ndoo nzima inataka mililita 24. Usimimine zote. Mimina 18, koroga kwa mwiko safi bila kupiga mapovu, acha saa chache, onja tena, ndipo uamue kuhusu zile 6.

Hapo kwenye kuonja ndipo watu hodari wanapoteleza. Onja asubuhi, kabla ya chai na mbali na jiko lenye pilau. Baada ya vionjo vitatu vinne ulimi unachoka, hasa kukiwa na karafuu, na utaanza kuongeza kwa sababu huisikii. Pumzika nusu saa, kunywa maji, kula kipande cha mkate mtupu. Mwite mtu mwingine umwekee glasi tatu, mbili sawa na moja tofauti, bila kumwambia ipi. Asipoitambua ile tofauti, tofauti hiyo haipo, hata kama wewe unaiona. Onja pia kwenye ubaridi ambao bia itanywewa. Hapa mjini muhudumu anakuuliza "baridi au moto?", na bia hii haifai kwa yote mawili: ikiwa ya barafu kabisa viungo vinafungika, ikiwa ya moto kileo na karafuu vinapanda juu. Itoke kwenye friji, ikae mezani dakika kumi na tano. Tena kumbuka kwamba bia unayoionja haina gesi. Gesi ikiingia hubeba harufu hadi puani, kila kiungo kitasikika zaidi. Simama hatua moja kabla ya pale unapotamani kufika.

Na mizani ya siku ya kufunga chupa haitakuwa ya Krismasi. Chungwa na iliki hupungua wiki kwa wiki. Mdalasini hutulia. Karafuu inabaki karibu palepale. Bia inayoonekana imekaa sawa kabisa leo, baada ya miezi miwili itaelekea kwenye karafuu yenyewe bila mtu kuongeza kitu. Kwa hiyo siku ya kufunga, chungwa liwe limezidi kidogo na karafuu iwe imepungua kidogo.

Sasa bia yako ya kwanza. Umeona kwamba kwenye orodha ya dondoo sikuweka karafuu. Sababu ni kwamba dondoo la karafuu unalo tayari, lita 20 nzima. Pika bia hii mpya kwa kveik mwishoni mwa wiki hii, na siku hiyohiyo tengeneza vile vichupa vitatu. Baada ya siku saba pima kwa haidromita, rudia baada ya siku mbili. Namba ikiwa ileile, imemaliza. Pima dondoo kwa glasi kama nilivyoeleza, kisha kwenye glasi iliyokwisha kupata mdalasini, chungwa na iliki, ongeza bia ya zamani: anza na mililita 10, kisha 15, kisha 25. Kwa hesabu ya karafuu 60 nadhani utasimama kati ya 15 na 25, yaani lita 1.2 hadi 2 kwenye ndoo nzima. Tangawizi na mdalasini vya zamani vitakuja humohumo, kwa hiyo usishangae ukilazimika kupunguza dondoo la mdalasini kidogo.

Angalia jambo moja la usalama. Bia ya zamani ina hamira yake hai, na ukiichanganya na mpya inaweza kupata sukari ambayo kveik iliiacha. Usifunge chupa siku hiyo. Acha mchanganyiko kwenye ndoo siku nne tano, pima mara mbili tena, na ufunge tu namba ikitulia. Hamira nyingi za ngano za Kijerumani hazina tabia mbaya sana hapa; lakini baadhi yake, pamoja na baadhi ya zile za Ubelgiji za bia kavu iitwayo saison, zina uwezo wa kula hata wanga uliobaki, na hizo nisingekuruhusu uzichanganye hata kidogo, chupa zingepasuka. Sukari ya gesi iwe gramu 6 kwa lita, iliyochemshwa na maji kidogo na kupoa. Ukifunga kabla ya mwisho wa Novemba, wiki tatu za joto la Dar zinatosha kabisa kufika Krismasi.

Zitakazobaki, lita kumi na nane hivi, zifunge nazo, na usitegemee muda uzitibu; eugenoli haiendi popote. Ziandike "karafuu" kwenye kifuniko na uziweke mahali pa giza na baridi kuliko pote nyumbani. Glasi moja kwenye nyama ya mbuzi inayolala na vitunguu saumu usiku kucha ni kitu kizuri. Na ndoo ya Pasaka ikifika, chupa tatu za hizo zitakuwa kipimo chako cha karafuu, na safari hiyo jaribu mchaichai mahali pa mdalasini.